Midomo Nyuma ya Kioo

Nyumba Namba Kumi na Moja
2 Juni

Mama yangu mpenzi,

Na hilo la mito usinicheke tena, maana niliondoka bado unacheka. Ndiyo, tunalalia mto mmoja. Ule wa pili nimezibia dirisha kuzuia upepo. Mume wangu anasema mito miwili ni ya watu waliochokana. Mama, huyu mtu jamani. Jana alikuwa ananyoa ndevu, nikasimama mlangoni na kikombe cha chai mpaka kikapoa, nimesahau nilikuwa nampelekea nani.

Najua ulitaka tubaki mjini. Aliposema amepata kazi kwao ulikunja uso, nikafikiri ni uchungu wa kuachwa. Lakini ungekuja ungefurahi. Simu haishiki bondeni huku, ndiyo maana nakuandikia, na dereva wa lori la mbao ndiye posta yetu. Nyumba zilizobaki ni kumi na mbili, zimesimama bega kwa bega kama watoto wanaopigwa picha, zote za matofali mekundu, zote zina mlango wa kijani uliochubuka. Kiwanda cha mablanketi kiliwajengea wafanyakazi kila kitu, hata saa. Dohani ipo bado, ndefu mpaka shingo inauma, na juu yake ndege wamehamia bila kulipa kodi. Saa ya getini iligoma kwenye saa nane na dakika kumi. Mtu akiomba jambo lisilowezekana huambiwa asubiri saa ya geti isogee.

Kazi ya mume wangu ni kukifufua kiwanda ili kitembelewe. Anapiga randa sakafu ya ukumbi wa kufumia, na wageni wakija yeye ndiye anayewatembeza. Ukimsikia anavyoeleza, mama, utadhani alizaliwa katikati ya mashine. Na sasa shika moyo: Jumamosi ya tarehe 21 linafunguliwa bamba la shaba la marehemu baba yake, aliyekuwa fundi mitambo. Limeandikwa, "Aliulizwa majina ya wenzake, hakufungua mdomo." Zamani walipanga kugoma, meneja akataka kuwajua viongozi wao, baba mkwe akazuiwa mchana mzima na hakusema. Nimeolewa kwa watu wa namna hiyo.

Sasa cheka kidogo. Leo nilikuwa bombani nachota maji, vikongwe wawili wakawa wanaongea bila sauti, midomo na vidole tu. Mama, ni ule mchezo wetu wa jikoni. Kidole cha mwisho ni mtu, vidole viwili mdomoni ukivitupa nje ni kusema, ukigusa jicho ni kuona. Bibi Miwani wa nyumba ya kumi na mbili alikuwa anamwambia mwenzake, "Mtu huyu mwembamba, ndoo ataiweza?" Nikaweka ndoo chini, nikawajibu kwa mkono, "Mtu huyu ataiweza." Nilidhani watacheka. Wakanitazama kidole cha mwisho, si usoni, kisha wakaondoka hata maji hawajajaza.

Ule mchezo ulijifunzia wapi? Na miguu, uvimbe umepungua? Mama mkwe anakuulizia. Hajakuona hata mara moja, maana posa alimtuma kaka wa mume wangu, na harusi alikuwa na homa. Mkikutana mtapendana.

Mwanao mwenye raha mpaka aibu

*

Mjini
5 Juni

Mwanangu,

Miguu inaendelea hivyohivyo. Mto mmoja ni mtamu mpaka wa kwanza aanze kukoroma.

Ule mchezo nilifundishwa na mpangaji mmoja wa zamani aliyekuwa bubu. Hauna maana. Usiucheze huko, watu wazima hawapendi kuigizwa. Ukienda bombani, shika ndoo kwa mikono miwili.

Wakikuuliza mama yako ni nani, sema anashona sare za shule. Hilo ni kweli na linatosha. Habari ya kidole changu kukatika usiitaje. Ni kidole tu.

Mama mkwe wako msaidie kazi, na usiulize ya zamani. Mtu akiwa na kovu hatumwambii alikune tuone.

Halafu kile chumba cha meneja, cha juu ya ngazi za chuma. Kioo chake bado kipo?

Mama yako

*

Nyumba Namba Kumi na Moja
9 Juni

Mama,

Umejisahau. Sikukuandikia neno juu ya chumba cha meneja, wala ngazi, wala kwamba ngazi ni za chuma. Kioo kipo. Kina ufa pembeni, lakini kipo.

Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshachelewa. Bibi Miwani alikwenda kwa mama mkwe jioni ileile ya bombani. Kesho yake mama mkwe akaniita jikoni, akaniomba nimwonyeshe ninavyosema "mtu". Nikainua mkono. Kidole cha mwisho kikajikunja chenyewe, kwa sababu chako hakina ncha, na mimi nilijifunza kwa kukutazama wewe. Sijui kukisema kikiwa kimenyooka. Akakishika, akakinyoosha kwa nguvu kama mtu anayenyoosha waya, akakiachia, kikarudi. Akasema polepole, kama anayesoma, "Una mkono wa Kidole Kifupi."

Nilicheka, mama. Nilidhani ni utani wa kumpokea bibi harusi.

Tangu siku hiyo nina sufuria yangu na meko yangu uani. Bombani nikifika wengine wamemaliza. Mtu mmoja alimwaga maji niliyokwisha kuchota, akasema mkono umemteleza.

Mume wangu ndiye aliyenieleza, tumekaa kizingitini. Alisema Kidole Kifupi alikuwa mwanamke wa mashine namba saba aliyemuuzia meneja majina kumi na tisa. Watu kumi na tisa wakatolewa vyombo nje siku ya Jumapili, mvua inanyesha, watoto wamejifunika magodoro. Yeye siku ya pili akatoka kwa mlango wa nyuma na furushi, na asiyekimbizwa hakimbii. Mjomba wake mume wangu alikuwa katika wale kumi na tisa. Alifia ugenini akitafuta kazi.

Alipomaliza akanishika mkono, akasema hakumwoa mama yangu, aliniona mimi, akanioa mimi. Nikataka kumpenda upya kwa neno hilo, mara akaleta la pili. Aliomba siku ya bamba nisisimame na familia. Nikae nyuma, kwenye marundo ya rili za nyuzi, mpaka watu wanizoee.

Mto wa pili umetoka dirishani. Yeye mwenyewe aliutoa, akasema shingo inamuuma. Upepo unaingia.

Mama, uliwataja au hukuwataja? Nijibu neno moja. Methali zako ziweke kabatini.

Mwanao

*

Mjini
12 Juni

Hapana.

Sasa nisikilize, methali ziko kabatini.

Ukumbi ule ulikuwa na mashine arobaini na nane. Zikiwaka, hata ukimpigia mtu kelele sikioni hasikii. Ndiyo tukawa na mikono na midomo. Tulisengenyana ukuta kwa ukuta, nyapara akiwa katikati yetu anatabasamu kama mtu aliyepotea njia. Meneja aliweka dirisha kubwa la kioo juu ya ngazi ili atuone. Hakujua kwamba kioo hakina upande. Sauti yake hatukuisikia hata siku moja, lakini mdomo wake tuliusoma kila siku. Tulijua wa kufukuzwa kabla yeye mwenyewe hajaambiwa.

Tulipanga kuzima mashine Jumatatu, king'ora cha mchana kikilia. Jumamosi fundi mitambo akaitwa juu. Mimi mashine yangu ilitazama kioo. Nilimwona akivua kofia. Nilimwona akikataa mara ya kwanza, na hilo nampa, alikataa. Kisha meneja akasema habari ya nyumba, kwamba wakigoma nyumba ya kwanza kufungwa itakuwa ya kwake. Akaanza kutaja. Alikunja vidole akitaja, alipomaliza mikono miwili akaanza upya. Majina kumi na tisa, taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Alikuwa na mdomo mpana, rahisi kusoma. Mumeo anao huohuo. Siku ya posa, alipofungua kinywa kunisalimia, niliinama nikajidai nafunga kiatu.

Mama mkwe wako alikuwa mashine ya tisa, amekipa kioo mgongo, tumbo linagusa chuma. Mumeo alikuwa ndani ya tumbo hilo.

Jumapili vyombo vikawa nje. Watu wakasimama getini na nondo mikononi, wanauliza nani. Mimi Ijumaa nilikuwa nimepanda kule juu kuweka sahihi ya ajali ya kidole. Fundi akasema, "Muulizeni Kidole Kifupi alifuata nini juu." Alisema akinitazama. Alijua mashine yangu inatazama wapi.

Nilimwangalia mke wake pembeni yake, rafiki yangu, ameshika kiuno. Kama ningefungua mdomo, zile nondo zingeanzia mlangoni kwake. Basi nikafunga furushi. Mlango wa nyuma uko karibu na lundo la majivu, na walikuwepo walionisindikiza kwa majivu hayo.

Ulipomleta kijana mlikuwa mnakaa mjini, na wewe ulikuwa unaimba mpaka unapofagia. Nikasema yule kiumbe hakuwa hata amezaliwa, ana kosa gani? Miguu yangu haijavimba. Nilisema hivyo ili nisije.

Mumeo usimwambie. Mtu akibomolewa baba yake, humwangukia aliye karibu, na aliye karibu ni wewe. Barua hii ichome.

Mama yako

*

Nyumba Namba Tisa
15 Juni

Kwa Kidole Kifupi,

Mwanao hakuichoma. Aliiweka mezani mbele yangu, akaketi, akasema, "Soma, mama." Macho yangu yamefifia, lakini mwandiko wako naujua. Mkia wa herufi zako unaning'inia kama uzi usiokatwa.

Umekosea jambo moja. Sikuwa nimekipa kioo mgongo. Nilikuwa nimekugeukia kukuomba mafuta ya mashine, nikaona uso wako umeganda, nikafuata macho yako. Majina tisa ya mwisho niliyaona. La mwisho kabisa lilikuwa la kaka yangu.

Niliishi na mtu huyo miaka kumi na saba baada ya hapo. Nikampikia, nikamfulia. Hatukulisema. Siku alipokuwa anakata roho alitaka kulisema, nikamwambia apumzike.

Bamba limeshachongwa. Mwanangu yuko ukumbini magoti yamechubuka, anaing'arisha sakafu kwa ajili ya siku hiyo. Hakumlilia baba yake alipokufa, anamlilia sasa kwa randa. Nakuomba unyamaze ulivyonyamaza. Mimi nitawaambia wanawake kwamba mkono wa mtoto ulinidanganya, na nitamrudisha jikoni kwangu. Nyumba yake itasimama. Hilo si dogo.

Shoga yako wa zamani, sasa mkwe

*

Mjini
17 Juni

Mkwe mwenzangu,

Miaka ishirini na sita nimekuonea huruma kwa sababu hukujua. Nirudishie huruma yangu.

Sitasema kitu. Sikusema nilipokuwa na majivu kichwani, nitasema leo nikiwa na cherehani na wateja?

Lakini usiniandikie tena. Mimi na wewe hatukuzoea kusemezana kwa karatasi. Ukiwa na neno, liseme kwa mkono, pale ambapo waliobaki wa wale kumi na tisa wataliona.

Mtoto mrudishe jikoni. Hilo halikuhitaji mkataba.

Kidole Kifupi

*

Nyumba Namba Kumi na Moja
24 Juni

Mama,

Nilikaa nyuma kwenye marundo ya rili, kama nilivyoombwa. Nilivaa lile gauni la bluu ulilonishonea, maana nilisema kama ni kukaa gizani basi nikae nimependeza.

Wageni walijaa. Kamati ya kijiji ilikaa mbele na viatu vipya. Wale waliobaki wa kumi na tisa, waliorudi kiwanda kilipofungwa, ni watano tu, wote vikongwe, walipewa benchi la pembeni, na Bibi Miwani ni mmoja wao. Mume wangu akavuta shuka, bamba likang'aa, watu wakapiga makofi. Alisoma maandishi kwa sauti. Alipofika "hakufungua mdomo" sauti ikamkatika, na mimi, mama, pamoja na yote ninayoyajua, nilitaka kukimbia nikamfute uso.

Kisha akaeleza habari ya mikono na midomo. Mgeni mmoja mwenye kofia kubwa akaomba waonyeshwe. Mume wangu akamtazama mama yake, akamwambia, "Mama, waambie wageni neno lolote."

Mama mkwe alichelewa kusimama, nikadhani atakataa. Akatembea mpaka mashine namba tisa. Akageuka, kioo kikawa mbele yake na bamba likawa ubavuni. Alinyoosha mkono kuelekea bamba. Kisha akainua kidole cha mwisho, akatumia mkono mwingine kukikunja ncha, polepole, ili kila mtu akione. Vidole viwili mdomoni, akavitupa nje. Halafu akajigusa kifua, na jicho.

Kwa mkono wako, mama: huyu ndiye mtu aliyesema. Mimi niliona.

Wageni wakapiga makofi. Mwenye kofia akasema ni kama dansi.

Bibi Miwani alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Akamwambia kwa mkono, "Rudia." Mama mkwe akarudia. Makofi yakazidi. Wale watano wakanyanyuka mmoja mmoja, benchi likaanguka, hakuna aliyeinama kuliinua. Bibi Miwani alipopita kwangu akasimama. Hakusema sentensi. Aliinua kidole cha mwisho na kukikunja, basi. Jina lako. Kisha akashuka ngazi za mlangoni ameshikilia ukuta.

Mume wangu hakujifunza ile lugha. Kiwanda kilifungwa yeye akiwa mdogo, na mama yake hakutaka kumfundisha, sasa najua kwa nini. Alikuja mpaka nilipo, uso umejaa furaha, akanishika kiuno mbele ya kamati nzima. Akaniuliza, "Amesema nini?"

Nilimtazama mdomo. Ni mpana kweli.

Nikamwambia, "Amesema karibuni nyote."

Ulisema nisimwambie, na mimi sikumwambia. Lakini sikiliza nilichokifanya. Siku ya pili wageni walikuja tena. Mume wangu akawapanga chini ya bamba la baba yake, akanyoosha mkono kulielekea, akainua kidole cha mwisho, akakikunja vilevile kama alivyomwona mama yake, akapeleka vidole mdomoni na kuvitupa nje. Akawaambia hivi ndivyo wafumaji walivyokuwa wakikaribishana. Wageni wakaiga, wote kwa pamoja, wanacheka. Jana ameifanya kwa makundi matatu. Wanawake wa bombani wanamwona mlangoni, wanageuza nyuso. Hakuna anayemwambia. Wanasema hiyo ni kazi ya mke.

Mimi wamenirudishia foleni yangu bombani. Jana mtu fulani alinitangulizia ndoo, yuleyule ambaye mkono ulimteleza. Mama mkwe amenirudisha jikoni. Anapika nusu, anaketi. Nilimuuliza atamwambia lini mwanawe, akajibu kwamba yeye ameshasema, mara mbili, tena mbele ya watu.

Na mto, mama. Mume wangu ameurudisha dirishani. Shingo haimuumi tena. Tunalalia mmoja, ananiambia niko mkimya siku hizi, ananitania kwamba hata kukoroma sikoromi. Upepo hauingii kabisa. Ningetaka uingie.

Lori la mbao linapita tena Ijumaa. Asubuhi hiyo, kabla wageni hawajafika, nitamsimamisha chini ya kioo na nitamwambia kwa sauti, kwa mdomo wangu, ili asipate wa kumuuliza nimesema nini. Akiweza kubaki wangu tutakuja wawili. Asipoweza, utaniona mimi na mto. Vyovyote itakavyokuwa, kabla mwezi haujaisha niko mlangoni kwako.

Mwanao, mwenye mkono wako